Vifuko Viwili Juu ya Kisahani

Mwaka jana, mwezi wa Juni, nyumbani kwetu tuliacha chai ya vifuko tukarudi kwenye chai ya majani. Ndugu msomaji ataniuliza: je, hilo nalo ni jambo la kuandikia? Nakiri kwamba nilipomwambia mwenzangu mmoja, mstaafu kama mimi, kuwa nimekaa mezani kuandika habari za majani ya chai, alicheka hadi akakohoa. Lakini uamuzi ule mdogo ulinirudisha kwenye kosa nililolifanya zaidi ya miaka 30 iliyopita, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kuliuliza darasani: je, ni wema kuyapanga mambo hivi kwamba mtu asiweze kuiba hata akitaka?

Nianze na nyumbani. Tunaishi Rungwe, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, mahali ambapo mvua haina haya na mashamba ya chai ya wakulima wadogo yamefika hadi kwenye ua wa jirani. Watoto wamekwisha kwenda kwao. Tumebaki mimi na mama watoto, pamoja na kijana mmoja anayetusaidia kazi za ng'ombe na bustani. Chai ya vifuko iliingia nyumbani nilipostaafu, mwaka 2010, na iliingia kwa sababu ya wepesi wake. Maji ya moto hukaa katika chupa tangu alfajiri. Anayetaka chai huchukua kikombe chake, hutumbukiza kifuko chake, hunywa, basi. Hakuna sufuria ya kusugua, hakuna chujio, hakuna makapi ya kuziba bomba. Mimi nilikunywa saa kumi na mbili, mama watoto saa mbili, kijana alipomaliza kukamua. Miaka ikapita bila sisi kunywa chai kwa pamoja ila siku ya wageni, wala sikuona kuwa pana kitu kimepungua.

Siku moja ya baridi nilirudi kutoka mjini mchana, nikamkuta yule kijana amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Vipi, ng'ombe yu mzima?"

"Mzima, Babu. Lakini leo nimetumia vifuko viwili. Mjomba alipita kunisalimu, kulikuwa na baridi, nikampa chai."

Kisha akaninyooshea kisahani. Juu yake palikuwa na vifuko viwili vilivyotumika, vimeanza kukauka, nyuzi zake zimezungushwa vizuri kama za mtoto wa shule anayemwonyesha mwalimu kazi ya mikono. Alikuwa amevitunza tangu asubuhi ili nivione.

Sikupata hata siku moja kumwambia avihesabu. Lakini pakiti ilikaa kabatini, kabati lina ufunguo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa koti langu. Kila Jumatatu nilimpa vifuko saba. Hakuna neno lililosemwa, na somo lilieleweka. Nilikishika kile kisahani nisijue nikiweke wapi.

Kifuko cha chai ni kitu cha ajabu ukikitazama vizuri. Inasimuliwa kwamba kilienea kwa bahati tu, pale mfanyabiashara mmoja wa New York, Thomas Sullivan, alipowapelekea wateja wake sampuli katika vifuko vya hariri mnamo mwaka 1908, nao wakavitumbukiza vizima katika maji ya moto. Lakini kabla yake wanawake wawili wa Milwaukee, Roberta Lawson na Mary McLaren, walikuwa wamekwisha kuomba hataza ya kifuko cha aina hiyo mwaka 1901, wakapewa mwaka 1903. Hoja yao ndiyo inayonivutia zaidi. Walisema kupika buli zima kwa ajili ya kikombe kimoja ni upotevu. Afadhali kiwepo kipimo cha mtu mmoja. Hoja ya haki kabisa, na mtu asiye na mali hawezi kuidharau. Kifuko kimoja hubeba kama gramu mbili. Hazizidi, hazipungui, na zina mwenyewe.

Buli halina mwenyewe. Akiingia mtu wa tatu unaongeza maji, unatupia majani kidogo, chai inapungua rangi kila mmoja akanywa. Mtu wa tatu haonekani katika hesabu yoyote. Nasema hivi si kwa kulisifu buli. Nasema hivi kwa kuwa mtu wa tatu ndiye aliyenishinda kule chuoni.

Kizazi chetu kilipitia miaka ya upungufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya unga, na mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, macho yetu yalikwisha kuzoea kwamba kila kilo isiyoonekana ina mwizi wake. Nilipokabidhiwa ukuu wa chuo baadaye, katika nyanda za juu kusini, macho hayo nilikwenda nayo. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, na nilijivunia kwamba hapana daftari la bohari litakalonidanganya.

Tulikuwa wakufunzi 33. Kila siku saa nne tulikunywa chai katika chumba cha wakufunzi, ikipikwa na mpishi mmoja mtu mzima, mpole, aliyekuwapo chuoni kabla yangu. Alipewa nusu kilo ya majani kila Jumatatu. Nilipiga hesabu: gramu mbili kwa kikombe, vikombe 33, ni gramu 66 kwa siku, kwa siku tano ni gramu 330. Nusu kilo ilipaswa kubakiza. Lakini kila Alhamisi jioni mpishi alikuja na kopo tupu. Yaani gramu 125 kwa siku zilikuwa zinatumika, na karibu gramu 60, sawa na vikombe 30, zilikuwa zinakwenda nisikokujua.

Ningeweza kumuuliza. Chumba cha jikoni kilikuwa hatua 40 kutoka ofisini kwangu. Badala yake, katika mkutano wa wafanyakazi, nilizungumza kirefu juu ya uaminifu katika mali ya umma, nikamaliza kwa methali ya "kikulacho ki nguoni mwako", na nilipoitamka niligeuza uso upande alipoketi mpishi. Watu wote waligeuka nami. Ilikuwa mwaka 1993. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na pakiti za vifuko zilipatikana madukani mjini. Wiki iliyofuata nikaagiza vifuko, pakiti ya 100. Vifuko 33 kwa siku, siku tatu ni vifuko 99. Kifuko kimoja kikabaki, nami nikakiingiza daftarini kwa wino mwekundu. Nakumbuka furaha niliyoipata kwa kifuko kile kimoja.

Mpishi alisema, "Sawa, Mkuu." Baada ya miezi michache aliomba kuacha kazi, akarudi kwao kulima. Nilichukulia kwamba kuondoka kwake ni ushahidi.

Mwaka 2011, nimekwisha kustaafu, nilikwenda kwenye msiba wa mkufunzi mmoja wa zamani. Tulikaa usiku nje, kwenye moto, na chai ya matanga ilipikwa kama inavyopikwa siku zote: sufuria kubwa ya kuchemshia maharage, majani yakitupwa kwa konzi, sukari kwa bakuli. Nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku wakati wangu. Tulipokuwa tunakunywa akasema, bila ya ubaya wowote, kwamba chai hii inamkumbusha ya mpishi wetu wa chuo. Nikashangaa, kwani walinzi hawakuwa katika orodha ya chai. Akanieleza. Alfajiri, kabla ya zamu kubadilika, mpishi alichemsha sufuria ya chai ya rangi kwa walinzi wanne waliokesha kwenye baridi ile. Akina mama waliouza kuni jikoni, ambao walitoka mbali na mzigo kichwani, nao walipata kikombe. Na mwanachuo aliyelala mgonjwa bwenini alipelekewa.

"Vilipokuja vifuko tukaacha," alisema. "Vilikuwa vya watu wenye majina."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. "Mkuu, hukuuliza." Kisha akacheka kidogo, akaongeza kwamba hata nyumbani kwake mpishi alikuwa akipeleka majani kidogo, lakini kidogo tu, ya watoto.

Neno hilo la mwisho nalishukuru, maana lilininyima njia rahisi ya kutubu. Laiti mpishi angekuwa malaika, ningelia machozi yangu nikamaliza. Alikuwa mtu. Alitoa bila idhini, na alichukua kidogo bila idhini. Wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, mwaka wa nne. Sikwenda kumzika kwa kuwa sikupata habari. Na kuna jambo moja ambalo mlinzi hakulijua, wala sikumwambia. Ofisini kwangu kulikuwa na kopo la majani lililojazwa kutoka bohari ile ile. Katibu muhtasi alinipikia mimi na wageni wangu muda wowote tuliotaka. Hata baada ya vifuko kuja, kopo lile halikuandikwa katika daftari lolote, wala haikunijia akilini kwamba lingeandikwa.

Katika kozi ya falsafa ya elimu tulikuwa tukifundisha kidogo habari za Plato, na ndani ya kitabu chake cha Jamhuri kuna kisa cha pete ya Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kutenda maovu hadi akautwaa ufalme. Anayekisimulia, Glaucon, hudai kwamba mtu yeyote akiwa na pete hiyo ataiba. Tunatenda haki kwa sababu tunaonekana. Zamani nilikisoma kisa hiki kama tatizo la mchungaji. Siku hizi namfikiria anayempangia mchungaji maisha. Tuseme nimeweza kuhakikisha kwamba hapana mtu katika chuo changu mwenye pete, kila gramu inaonekana. Sasa nitamjuaje aliye mwaminifu? Naye atajijuaje? Nimewapokonya wezi nafasi yao, na kwa kitendo hicho hicho nimewapokonya waaminifu yao, na kwa mpishi nimeondoa pia ile nafasi ya tatu, ambayo sina jina lake, ya kumpa kikombe mlinzi aliyekesha.

Nilimweleza mama watoto mawazo haya jioni ile ya kisahani, nikiwa nimejaa hamasa, nikasema kesho tunanunua majani, kopo litakaa mezani wazi, na ufunguo nautupa chooni. Yeye naye ni mwalimu, amefundisha shule za msingi miaka 35, wala hapendi hotuba.

"Wewe Mwalimu, unaona kuaminiwa ni heshima kwa sababu hapana mtu aliyewahi kukushuku," alisema. Akanikumbusha habari za baba yake, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa mzungu mmoja wa mashamba ya chai huko Mufindi katika miaka ya 1950. Bwana yule hakupima sukari. Na kila alipokuwa na hasira alisema sukari imepungua. Marehemu alikuwa akiomba Mungu sukari ipimwe, ipigwe mstari kwenye bakuli, kwani siku isiyopimwa ndiyo siku ya kusingiziwa. "Huyu mtoto amekuonyesha vifuko viwili," alisema mama watoto. "Kesho kwenye kopo la majani atakuonyesha nini?"

Sikuwa na jibu, na kwa siku tatu niliendelea kunywa chai ya vifuko. Ni kweli kwamba hesabu ni ngao ya mnyonge. Mtunza bohari mwenye daftari safi analala usingizi. Mhasibu wa kike aliyewahi kuwa chini yangu aliniambia kwamba stakabadhi ndizo zilizomlinda na wakubwa kuliko sheria zote. Anayedai kwamba wema unahitaji giza, na tuondoe daftari ili watu wapate kuonyesha uaminifu, huyo anawatega wenzake, na aghalabu yeye mwenyewe ndiye atakayeamua baadaye nani kanaswa.

Lakini nilipozidi kufikiri nikaona kwamba baba mkwe wangu na mpishi wangu waliumizwa na kitu kimoja. Kwa mzungu yule hapakuwa na hesabu, kwangu ilikuwapo, na kote kuwili alikuwako mtu mmoja aliyekuwa nje ya hesabu, naye ndiye mwenye nyumba. Kopo langu la ofisini halikupimwa. Ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwangu, na hakuna aliyejua ninakunywa vikombe vingapi kwa siku. (Vinne. Daktari anadhani viwili.) Daftari lile jekundu lilikuwa sahihi hadi kifuko cha mwisho, na lilikuwa la uongo, kwani lilihesabu watu 33 katika mahali ambapo watu zaidi ya 40 walikuwa wakisikia baridi. Ningeuliza swali moja jikoni, ningeandika chai ya walinzi katika matumizi halali ya chuo, nayo isingetuzidi gharama. Mpishi angehesabiwa na kuheshimiwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sina ugomvi na kuhesabu, nami bado ni mtu wa hisabati. Nina ugomvi na mkuu yule aliyeona ni rahisi zaidi kununua pakiti kuliko kutembea hatua 40.

Siku ya nne, ikiwa siku ya soko, nikanunua majani nusu kilo.

Nisimdanganye msomaji kuhusu ladha. Watu husema katika vifuko hutiwa takataka na katika majani kuna chai yenyewe. Si kweli kiasi hicho. Chai nyingi ya Afrika Mashariki husagwa, ikachanwa na kuviringwa kwa mashine ambayo asili yake ni Assam, alikoibuni William McKercher mwaka 1930. Kwa hiyo hata hayo tunayoyaita majani ni chembe ndogo ndogo, ila zile za kwenye vifuko aghalabu ni ndogo zaidi ili zitoe rangi haraka. Kadhalika watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha mwaka 2019 kwamba kifuko cha plastiki kikitiwa katika maji ya moto hutoa mabilioni ya chembe za plastiki; lakini vifuko vyangu vilikuwa vya karatasi, hivyo sitajificha nyuma ya sababu hiyo. Jirani yangu, mama anayechuma chai yake mwenyewe, hunicheka kwa yote mawili. Yeye huchuma kama kilo nne na nusu za majani mabichi, jani mbili na chipukizi, ili kiwanda kipate kilo moja ya chai kavu. "Mnabishana juu ya mfuko," husema, "mgongo hamwulizi."

Kopo tuliliweka mezani, wazi. Nikamwambia kijana kwamba kuanzia leo chai ni ya buli, atapika yeye asubuhi, tutakunywa sote watatu, na atie majani kadiri anavyoona inafaa. Nilijisikia mkarimu sana niliposema maneno hayo.

Chai aliyoileta ilikuwa na rangi ya maji ya mvua yaliyopita juu ya nyasi. Siku ya pili vile vile. Wiki nzima tulikunywa maji ya moto yenye sukari, na mama watoto alinitazama juu ya kikombe bila kusema neno. Kijana alikuwa anatia nusu kijiko kwa buli la vikombe sita. Alipokuwa na vifuko saba alijua vilivyo vyake. Sasa hakujua, akaona salama ni kutogusa. Alikuwa na hofu kuliko zamani, na hofu hiyo niliipika mimi nikaiita uhuru.

Basi nikaamka mapema, nikaenda jikoni. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopika mbele ya kijana niliyemwajiri. Tulisimama pamoja kwenye jiko, moshi ukitutoa machozi. Nikasuuza buli kwa maji ya moto, nikatia vijiko vitatu vya majani mbele ya macho yake, kimoja cha kila mtu, kisha nikatia cha nne. Akaniuliza hicho cha nne ni cha nani. Nikamwambia ni cha atakayepita. Tukafunika, tukangoja dakika tano, nikamwagia kupitia chujio la bati ambalo mama watoto alikuwa amelificha miaka yote hiyo nyuma ya vyungu, kana kwamba alijua. Nikamwambia pia kwamba mwisho wa mwezi tutaandika ukutani majani yaliyoingia na yaliyokwisha, na vikombe vyangu vinne navyo vitakuwamo. Mama watoto akacheka hapo ulipofika mlango huo wa daktari.

Si kila mara anapita mtu. Siku nyingi kile kijiko cha nne huishia kwenye kikombe changu cha tano, na ukutani nakiandika. Mjomba wa kijana amekuja mara mbili tangu wakati huo. Mara ya pili nilikaa naye, tukazungumza habari za bei ya majani mabichi mpaka buli likawa tupu. Wajukuu walipokuja Desemba walilalamika kwamba chai ya Babu ina uchafu chini ya kikombe, wakataka vifuko, nami nikawanunulia.

Jumamosi iliyopita kijana alipika peke yake, mimi nikiwa bado kitandani. Alitia majani mengi mno. Chai ilikuwa nyeusi kama chai ya mkandaa, chungu hata maziwa hayakuweza kuisaidia, na yeye mwenyewe alipoionja alikunja uso akatutazama. Mama watoto akaongeza sukari. Tukainywa yote.